Msaragambo wa Theluji

Ujumbe wa kwanza kutoka timu ya mpira ya mwanangu uliingia Novemba 2018, miezi mitatu baada ya sisi kuhamia Tromsø, kaskazini kabisa mwa Norwei. Kwa Kinorwei nilichokuwa nacho wakati ule niliokota maneno matatu tu: Jumamosi, beleshi na dugnad. Hilo la mwisho nikalitafuta kwenye simu, nikaambiwa ni kazi ya kujitolea. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, miguu imevimba. Kujitolea, kwa nilivyolielewa neno hilo, ni hiari ya mtu. Nikalala.

Wiki chache baadaye ukaja mwingine: kila familia ichukue mabunda ya karatasi za chooni ikawauzie majirani, fedha ziingie mfuko wa timu. Nikaona hayo ni ya wenyeji wenye majirani wanaowajua. Huo nao nikaupita.

Hakuna aliyenigombeza. Mazoezini wazazi wenzangu walinitikisia kichwa kama salamu kisha wakarudi kwenye mazungumzo yao, nami nikabaki pembeni ya uwanja nimeshika chupa ya maji ya mtoto. Nikajipa sababu iliyokuwa karibu: ni rangi yangu. Niliibeba mpaka Krismasi, na ni mzigo mzito kuubeba katika mji ambao jua halichomozi kabisa kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari.

Aliyenitoa hapo ni bibi mmoja niliyekuwa namhudumia kazini. Aliniuliza mbona siku hizi sicheki. Nikamweleza. Akaweka kikombe chake cha kahawa mezani, akauliza: "Dugnad ulikwenda?" Nikasema sikwenda, nilikuwa nimechoka. "Na wao walikuwa wamechoka," akasema, bila ukali wowote. Kisha akanieleza namna michezo ya huku inavyoendeshwa. Kocha wa watoto ni baba au mama wa mmoja wao, na halipwi. Anayeondoa theluji uwanjani, anayeuza kahawa kibandani, anayepaka nta skii za watoto, vile vipande virefu vya kuvaa miguuni na kutelezea thelujini, anayesimama njia panda na reflekta siku ya mbio, karibu wote ni wazazi na majirani. Usipotokea, haletwi kibarua wa kulipwa kushika nafasi yako. Anaishika mzazi mwingine ambaye naye alikuwa na usingizi wake.

Nilipata aibu, maana kitu hicho nilikuwa nakijua tangu utotoni. Mimi ni wa Usangi, milimani Upareni, Tanzania. Kwetu mbiu ya msaragambo ikilia, kila nyumba inatoa mtu: kuzibua ndiva, bwawa la maji ya kumwagilia mashamba, iliyojaa tope, kuchimba mfereji, kutengeneza barabara iliyokatwa na mvua, kusomba mawe ya kujengea darasa. Mama yangu alikwenda akiwa na mimba, alikwenda akiwa na homa. Nyumba isiyotoa mtu ilitozwa faini, lakini faini haimkoseshi mtu usingizi. Kinachomlaza macho ni kufika mferejini siku ya zamu yake ya maji akute hakuna anayemtazama usoni. Ndivyo nilivyokuwa nimesimama pale uwanjani, na sikujitambua.

Sisemi kwamba rangi haijawahi kuwa sababu ya jambo lolote tangu nije huku. Imewahi, na mahali penyewe napajua. Ila safari hii haikuwa hiyo, na nashukuru kwamba kuna mtu aliyeniambia ukweli kabla sijafanya uamuzi wa kumwondoa mtoto kwenye timu.

Jumamosi moja ya Januari nikaenda. Ilikuwa saa tatu asubuhi na giza ni la saa tisa usiku, taa za uwanja zimewashwa, theluji imefika magotini. Nilivaa jinzi, fulana mbili za pamba na koti zito kuliko yote niliyokuwa nayo, nikiamini nimejipanga vizuri. Baada ya nusu saa ya kusukuma beleshi nilikuwa nalowa jasho kama niko shambani. Tukapumzika kidogo tunywe kahawa, na katika mapumziko yale mafupi jasho likapoa ndani ya pamba. Nikaanza kutetemeka hadi meno yakawa yanagongana, vidole havishiki kikombe. Mama mmoja, mmoja wa wale niliodhani hawanipendi, akanishika mkono akaniingiza kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akatoa kwenye begi lake fulana ya sufu, akanisimamia mpaka nikavua yale yaliyolowa. "Pamba hapana," akasema. Hilo ndilo somo langu la kwanza la michezo ya kaskazini, na kila mgeni ninayekutana naye namwambia hilo kabla ya jingine.

Watu wa nyumbani huniuliza baridi ya huku ni digrii ngapi. Tromsø iko mbali kaskazini kiasi cha kutisha ukiitazama kwenye ramani, lakini mkondo wa bahari unaoleta maji ya vuguvugu kutoka kusini unaifanya isiwe kali kama miji mingi ya latitudo hiyo. Wastani wa Januari ni digrii tatu au nne hivi chini ya sifuri. Taabu yenyewe ni upepo wa baharini, unyevu, na theluji isiyokwisha. Aprili 1997 ilipimwa theluji ya sentimita 240 mjini hapa, ambayo ingemfunika mchezaji wa kikapu akiwa amesimama. Na kuna siku joto linapanda, theluji inayeyuka, usiku inaganda tena, kesho yake njia nzima ni kioo. Siku hizo unavalisha viatu vyuma vyenye meno, la sivyo utarudi nyumbani na mkono kwenye plasta. Mimi huu wangu wa kushoto ulipasuka kifundo mwaka wa kwanza, nikienda kumchukua mtoto mazoezini.

Kwa hiyo tunavaa sufu mwilini, kitu chepesi chenye joto juu yake, na nje koti la kuzuia upepo. Ukitoka nyumbani unatakiwa usikie ubaridi kidogo. Ukitoka na joto, umevaa kupita kiasi na jasho litakugeuka. Glavu ambazo vidole vinne vinakaa pamoja zina joto kuliko zile zinazovitenganisha. Mashavu ya watoto tunayapaka mafuta mazito yasiyo na maji mengi. Na tangu Septemba hadi Aprili, miezi yote ambayo jina lake kwa Kinorwei lina herufi r, kila asubuhi kijiko cha mafuta ya ini la chewa, kwa kuwa jua la kutupa vitamini D hakuna. Mwanangu alilia mwezi mzima kwa ile ladha. Siku hizi ndiye anayenikumbusha.

Kilichonichukua muda mrefu kukikubali ni suala la ushindi. Majira yale yale ya baridi mtoto alikimbia mbio zake za kwanza za skii, akarudi na medali shingoni. Nikamuuliza amekuwa wa ngapi. "Hawahesabu, mama." Nikadhani ananificha kwamba amekuwa wa mwisho. Nikamuuliza kocha, ambaye mwanangu anamwita kwa jina lake la kwanza kama rika lake, jambo ambalo bado linanikera. Kocha akasema ni kweli, hawahesabu. Kumbe Shirikisho la Michezo la Norwei lina kanuni za michezo ya watoto tangu 1987, zilizofanyiwa marekebisho 2007: orodha ya matokeo haitolewi mpaka mwaka ambao mtoto anatimiza miaka 11, na kama kuna zawadi, watoto wote wanapata.

Niliona ni kuwadekeza. Mimi nimelelewa na UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi Tanzania. Nikiwa darasa la tano nilikimbia mchujo wa mita 800, nikawa wa tatu, na waliotakiwa ni wawili. Mwalimu alinipa pole, na alikuwa mwalimu mwema. Nikakaa chini ya mwembe nikawaangalia wenzangu wanafanya mazoezi, na tangu siku ile sikukimbia tena hadi nilipozeeka kidogo huku ugenini. Hesabu umri wangu siku ile: miaka 11. Sikuwa nimeifanya hesabu hiyo mpaka nilipokuwa nimesimama kwenye theluji nikimtazama mvulana mmoja wa timu yetu, mzito, mpole, mpira unampita miguuni kila mara, akiingizwa uwanjani dakika sawasawa na wenzake. Sasa ana miaka 15 na ndiye kipa wetu. Angekuwa kwenye mchujo wangu, angekuwa chini ya mwembe.

Siwezi kusema kanuni ile ndiyo iliyoiletea Norwei, nchi ya watu wasiofika milioni sita, medali 16 za dhahabu katika Olimpiki ya majira ya baridi ya Beijing 2022, idadi ambayo hadi wakati huo hakuna nchi iliyokuwa imeifikia. Milima, theluji na fedha vina sehemu yake. Ninachoweza kusema ni kwamba wale waliokuwa wadogo pamoja na mwanangu bado wanacheza, karibu wote.

Bibi yangu wa kazini alikuwa shabiki wa Tromsø IL, timu ya mjini, wanaovaa nyekundu na nyeupe na kuchezea uwanja uliojulikana miaka mingi kwa jina la Alfheim, sasa Romssa Arena. Mechi aliyoisimulia bila kuchoka ni ya Oktoba 1997, Kombe la Washindi barani Ulaya, Chelsea ya kocha Ruud Gullit ilipokuja kucheza hapa. Theluji ilimwagika hadi mechi ikawa inasimamishwa ili mistari ifagiwe ionekane. Tromsø wakashinda 3-2, mabao yote mawili ya Chelsea akayafunga Gianluca Vialli dakika za mwishoni. Bibi alikuwepo, amesimama na chupa ya chai ya moto ndani ya koti. Na kila aliposimulia ushindi ule alimalizia na marudiano ya London, 7-1 kwa Chelsea. Hakuwahi kulitaja la kwanza akaliacha la pili. Nilimpenda kwa hilo.

Ni yeye pia aliyeniambia jambo ambalo sikulitegemea kusikia Ulaya. Hadi 1963 timu za kaskazini hazikuruhusiwa kabisa kucheza Kombe la Norwei, na katika ligi ya juu mlango ulifunguliwa 1972, Mjølner ya Narvik ikawa ya kwanza kutoka kaskazini kuingia. Ni mbali mno, walisema wa kusini, na kiwango chenu ni cha chini. Miaka mitatu tu baadaye, 1975, Bodø/Glimt wakalibeba kombe lenyewe. Mimi nilikuwa nawaona watu weupe wote kama watu waliokaa ndani, kumbe hawa wa kaskazini nao walikuwa na mlango wao waliousubiri nje. Bibi alipokuwa anayasema haya sauti yake ilibadilika, na alikuwa na zaidi ya miaka 80.

Bodø/Glimt na Tromsø ni kama Simba na Yanga, isipokuwa kati yao kuna zaidi ya kilometa 500 za barabara. Ukiwa Tromsø huishangilii Glimt, wenye jezi za njano na mashabiki wanaobeba mswaki mkubwa wa njano tangu miaka ya sabini. Lakini usiku wa tarehe 21 Oktoba 2021, Glimt walipokuwa wanaichapa Roma ya José Mourinho 6-1 kwenye ule uwanja wao mdogo wa nyasi bandia, bibi aliniomba niongeze sauti ya televisheni. Bao la sita lilipoingia alinishika mkono, akaniambia, "Hawa ni wa kwetu." Alifariki majira ya kuchipua yaliyofuata. Glimt walipoitoa Lazio kwa penalti mwaka 2025 na kuwa timu ya kwanza ya Norwei kufika nusu fainali ya mashindano ya Ulaya, nililia kidogo, na haikuwa kwa sababu ya mpira peke yake.

Skii nilijifunza nikiwa na miaka 38. Kwenye kisiwa cha Tromsø kuna njia ya skii yenye taa mgongoni mwa kilima, na kipindi kile cha giza ndiko mji mzima unakoendea: wazee, wajawazito, watoto wanaovutwa kwenye vigari. Nilianguka nikipanda, nikaanguka nikishuka, nikaanguka nikiwa nimesimama pale pale. Na karibu kila mtu wa makamo aliyepita alisimama, akaninyanyua, akauliza natoka wapi, na nilipojibu Afrika Mashariki akasema jina moja: Boit.

Sikuwa namjua. Philip Boit, mkimbiaji kutoka upande wa Eldoret, hakuwahi kuona theluji mpaka alipopelekwa Finland mwaka 1996 kujifunza skii. Miaka miwili baadaye akawa Mkenya wa kwanza katika Olimpiki ya majira ya baridi, Nagano 1998, kilometa 10. Alimaliza wa mwisho, wa 92, dakika 20 nyuma ya mshindi. Mshindi huyo alikuwa Bjørn Dæhlie wa Norwei, aliyekuwa tayari na medali zake za kutosha kujaza kabati. Dæhlie hakwenda kuchukua dhahabu yake. Alimsubiri Boit kwenye mstari, akamkumbatia. Boit alirudi kwenye Olimpiki ya 2002 na ya 2006, na mwanawe mmoja alimpa jina la Daehlie.

Wanorwei walisimulia kisa hicho wakimsifu Dæhlie, nami nilikuwa nawaacha wamalize. Mimi nilikuwa namfikiria zaidi Boit katika zile dakika 20, peke yake kwenye njia, wenzake wote wameshafika, theluji inanata, na bado anasukuma. Nilipoanguka kwa mara ya kumi nilijiambia: mbele kidogo tu, mpaka kwenye taa inayofuata. Njia ile ina taa nyingi. Hadi leo ndivyo ninavyokwenda.

Mji huu una mbio mbili ninazozipenda na sijakimbia hata moja. Ya Juni ni marathoni ya jua la usiku wa manane: wanaanza saa mbili na nusu usiku, na wa mwisho wanafika usiku wa manane umepita huku jua liko juu ya milima kama la saa kumi na moja jioni. Ya Januari ni nusu marathoni ya kipindi cha giza, watu wanakimbia na meno ya chuma chini ya viatu. Kazi yangu ni vikombe. Juni ninapangwa upande wa pili wa lile daraja refu, zaidi ya kilometa moja, ambako wakimbiaji wanafika wamepigwa na upepo wa mlango wa bahari. Usijaze kikombe, nusu inatosha. Kishike juu ukingoni ili mkimbiaji akamate chini. Mtazame machoni kabla hajafika, ajue ni wewe. Januari maji yanaganda mezani, basi tunatoa ya vuguvugu, na vidole vyangu vinaomba msamaha mpaka kesho yake.

Msimu uliopita akaja kwenye timu mama mmoja kutoka Uvira, Kongo. Watoto wake wawili wana miguu ya mpira. Jumamosi ya theluji hakutokea. Ya kibanda hakutokea. Nikaona wazazi wanamtikisia kichwa, na nikakijua kile kichwa. Nikamfuata, nikamwambia, "Mama, wanakusubiri kwenye dugnad. Ni kama salongo kwenu."

Uso wake ukafunga. "Salongo? Ile ya Mobutu? Baba yangu walimupiga fimbo juu ya salongo."

Nilikuwa nimefikiri nimeleta neno zuri, kumbe kwake salongo ni ile kazi ya lazima ya enzi za Mobutu. Nikakaa naye kwenye benchi, baridi ile ile, nikaanza upya. Nikamweleza msaragambo wa Usangi, ndiva, mama yangu na mimba yake. Nikamweleza bibi na kikombe chake. Nikamwambia huku hakuna askari wala fimbo, ila kuna kutotazamwa, na kwamba mimi nilikaa miezi miwili ndani yake bila kujua. Aliuliza swali moja: "Na mukubwa wa klabu, naye anashika beleshi?" Nikamwonyesha mwenyekiti, ambaye wakati ule alikuwa amepiga magoti anagandua barafu kwenye bawaba ya goli.

Jumamosi iliyofuata alikuja, amevaa sufu niliyompelekea. Hakusema na mtu, alifanya kazi kuliko sisi wote. Tulipomaliza tukaingia kibandani, nikafunua bakuli la unga wa waffle ili nianze kuchoma. Wanorwei hutia iliki kwenye waffle zao. Harufu ikapanda, naye akasogea, akainamia bakuli, akafumba macho.

"Mandazi," akasema.

Nikampa upawa.